Ipyana ni Neema, Ufikivu ni Haki

Kwa Kinyakyusa, ipyana ni neema. Jina hilo limebebwa na watoto wengi wa Unyakyusa, na limebebwa pia na kata ya Ipyana iliyopo katika bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Kimoraviani, waliokuwa wamefungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, waliteremka bondeni na kufungua kituo hapo mwaka 1894. Pamoja na Injili walileta herufi, na kwa herufi hizo wakapatikana walimu, makarani na wasomaji wa barua. Wakati huohuo likazaliwa kundi la watu ambao herufi za wino hazikuwafaa kitu, yaani wasioona. Kila teknolojia mpya ya maarifa iliyofika kwetu imewafungulia mlango wengi na kuwafungia wachache, na mara nyingi waliofungiwa hawakuulizwa.

Katika makala haya nataka kufuatilia historia ya mlango mmoja, ule wa kompyuta na simu ya mkononi. Swali langu ni moja. Kampuni kubwa za teknolojia zinapotengeneza vifaa ambavyo mtu asiyeona anaweza kuvitumia, je, zinamfanyia neema au zinamtimizia haki? Neema hushukuriwa, haki hudaiwa. Aliyetoa neema huweza kuisitisha asiulizwe na mtu, ilhali aliyenyima haki hupaswa kujibu mbele ya sheria. Nchi inayochanganya mambo haya mawili huishia kupiga makofi mahali ilipopaswa kuhoji.

Mito, usubi na dawa ya bure

Bonde la Kyela linafahamu maana ya upofu na linafahamu pia maana ya neema ya kampuni kubwa. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu za Rungwe ikielekea ziwani. Mito hiyo ndiyo iliyoleta rutuba inayoufanya mchele wa Kyela ujulikane nchi nzima. Lakini katika maji yake yaendayo kasi huzaliana inzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi, ambao wengine huuita upofu wa mtoni. Minyoo inayoingizwa mwilini na inzi hao huzaa vijidudu visivyohesabika, ambavyo huwasha ngozi kwa miaka mingi, na vikifika machoni humpofusha mtu hatua kwa hatua. Wataalamu wa afya wamelihesabu eneo la Tukuyu, likiwamo bonde la Kyela, miongoni mwa maeneo ya usubi nchini Tanzania.

Mwaka 1987 kampuni ya dawa ya Merck ya Marekani ilitangaza kwamba ingeitoa bure dawa ya Mectizan dhidi ya usubi, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote itakapohitajika. Wanasayansi wawili waliohusika na ugunduzi wake, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell aliyekuwa Merck, walitunukiwa Nobeli mwaka 2015. Mwaka 1995 ukaanzishwa mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, na katika mpango huo vijiji vyenyewe vilichagua wagawa dawa wake. Mgawa dawa alipita nyumba kwa nyumba na fimbo iliyotiwa alama, akapima urefu wa kila mtu na kujua ampe vidonge vingapi. Hili ni tendo jema, na anayelibeza hajamwona mtu aliyejikuna hadi ngozi ikawa kama ya mzee angali kijana.

Hata hivyo kuna jambo ambalo dawa hiyo haiwezi kulifanya. Mectizan huzuia upofu usitokee, lakini haimrudishii macho aliyekwisha kupofuka. Huyo hana la kungoja kutoka kwenye kidonge. Anachohitaji ni jamii iliyopangwa kwa namna ambayo ataweza kusoma, kufanya kazi, kununua na kuuza, na kutunza siri zake, bila kuona. Kwa karne yetu, sehemu kubwa ya mahitaji hayo imo mikononi mwa watengenezaji wa simu, kompyuta na programu. Ni hapo ambapo mfano wa dawa ya bure unafikia mwisho wake.

Namba ya siri isiyo siri

Chukulia mzee mmoja mkulima wa kakao pale Ipyana, ambaye usubi ulimpofusha kabla dawa haijafika. Mzigo wake umeuzwa kupitia ushirika na malipo yameingia kwenye simu. Anasikia mlio wa ujumbe, lakini simu yake ni kitochi, haina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti. Anamwita mjukuu: "Njoo, baba, nisomee." Mjukuu anasoma kiasi kilichoingia. Babu anataka kutoa fedha, naye mjukuu anauliza: "Namba ya siri ni ipi, babu?" Babu anaitaja, na majirani walioketi barazani wanaisikia.

Huenda mjukuu huyo ni mwaminifu kuliko malaika. Hilo halibadilishi ukweli kwamba mzee amepoteza faragha ya mali yake, na kwamba siku akidhulumiwa hataweza kujua. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi, benki na kitambulisho cha mamilioni ya watu wetu. Kila huduma iliyohamia kwenye skrini imemfanya asiyeona aishi kwa macho ya kuazima.

Ufikivu, neno nitakalolitumia mara nyingi hapa, ni ile hali ya kifaa au huduma kutumika na watu wote, wakiwamo wenye ulemavu, bila kuazima macho wala mikono ya mwingine. Kitaalamu si muujiza. Programu ya kusoma skrini haitazami picha kama sisi. Huuliza mfumo wa simu au kompyuta: hapa kidole kilipogusa pana nini? Ikiwa mtengenezaji alikipa kitufe jina, mtumiaji atasikia "Tuma pesa". Ikiwa aliweka picha tu bila jina, atasikia "kitufe", kisha "kitufe", kisha "kitufe" tena. Mara nyingi tofauti kati ya uhuru na utegemezi ni maneno machache ambayo mhandisi aliyaandika au alisahau kuyaandika. Kwa nini basi yamekuwa yakisahauliwa? Historia inatupa jibu lisilopendeza: yamesahauliwa pale ambapo kusahau hakukuwa na gharama.

Kutoka maandishi kwenda picha

Katika miaka ya 1980 kompyuta za ofisini zilionyesha maandishi matupu. Kwa wasioona huo ulikuwa wakati wa matumaini, kwa sababu maandishi ni rahisi kuyageuza kuwa sauti, au kuwa nukta nundu, yale maandishi ya kugusa ambayo Mfaransa Louis Braille aliyachapisha mwaka 1829. Wasioona wengi katika nchi tajiri walipata kazi za ofisini kwa njia hiyo. Kisha zikaja Windows na mifumo mingine ya picha. Skrini ikajaa vijipicha vya kubofya kwa kipanya, na zile programu zilizosoma maandishi zikabaki bubu. Teknolojia iliyoitwa rahisi kwa watu wote iliwatishia ajira watu waliokuwa wamezoea kufanya kazi vizuri.

Mwaka 1995, Microsoft ilipokuwa ikitoa Windows 95, Tume ya Wasioona ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani, iliyoongozwa na Charles Crawford ambaye mwenyewe haoni, ilichukua hatua ambayo watumishi wa umma wetu wanapaswa kuijua. Haikuandika risala ya kuomba huruma. Ilitishia kwamba jimbo lingesitisha kununua bidhaa hiyo kwa kuwa watumishi wake wasioona wasingeweza kuitumia. Kampuni iliyokuwa na nguvu kuliko zote katika programu za kompyuta ilisikiliza, na mwaka 1997 ikatoa mfumo maalumu wa kuziwezesha programu za kusoma skrini kufahamu kilichomo kwenye Windows. Mwaka 1998 sheria ya shirikisho la Marekani iliimarishwa ili ofisi za serikali zinunue teknolojia inayotumika pia na wenye ulemavu. Nyenzo iliyotumika ilikuwa hati ya ununuzi. Serikali ni mteja mkubwa, na mteja mkubwa husikilizwa.

Nyenzo ya pili ni mahakama na mabaraza ya haki. Mwaka 1999 raia wa Australia asiyeona, Bruce Maguire, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti ya michezo hiyo, iliyojengwa na IBM, haikusomeka kwa vifaa vyake. Picha zilikosa maelezo na majedwali ya matokeo hayakumfikia. Kamati ilijitetea kwamba marekebisho yangekuwa mzigo mkubwa wa fedha na muda. Tume ya haki za binadamu ya Australia ilisikiliza wataalamu, ikaukataa utetezi huo, na Agosti 2000 ikaamua kwamba alibaguliwa. Kamati ilipokosa kutekeleza agizo kikamilifu, iliamriwa imlipe fidia ya dola 20,000 za Australia. Fedha hizo zilikuwa kidogo kwa waandaaji wa Olimpiki. Uzito wa uamuzi ulikuwa katika kuikataa hoja ya "ni ghali mno" mara ilipopimwa kwa ushahidi.

Marekani nako, Shirikisho la Taifa la Wasioona liliishtaki AOL mwaka 1999, enzi ambazo kampuni hiyo ilikuwa lango la intaneti kwa mamilioni, na mwaka 2000 wakafikia makubaliano. Mwaka 2009 Amazon ilikuwa ikijaribu kifaa chake cha kusomea vitabu, Kindle DX, katika vyuo vikuu kadhaa. Kifaa hicho kiliweza kusoma kitabu kwa sauti, lakini orodha ya kuchagulia na kufungulia kitabu ilikuwa kimya. Kwa asiyeona ilikuwa maktaba yenye vitabu vinavyozungumza na mlango uliofungwa. Mashirika ya wasioona yalikishtaki Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, si Amazon. Januari 2010 shauri likamalizwa kwa makubaliano, na Juni mwaka huohuo wizara mbili za Marekani, za sheria na elimu, zikawaandikia wakuu wa vyuo kuwaonya wasiwalazimishe wanafunzi kutumia vifaa visivyofikika. Katika toleo la Kindle lililofuata mwezi Agosti, orodha nayo ilianza kusema. Aliyeshtakiwa alikuwa mnunuzi, aliyerekebisha akawa mtengenezaji.

Simulizi ya Apple inahitaji uangalifu zaidi. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 ilikuwa kioo kitupu, bila vitufe vya kupapasa na bila programu ya kusoma skrini. Wengi wasioona waliona kwamba zama zao katika simu zimekwisha. Septemba 2008 Apple ilikubaliana na Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts na Shirikisho la Taifa la Wasioona kuifanya huduma ya iTunes ifikike. Juni 2009 ikaja iPhone 3GS ikiwa na VoiceOver, na kile kioo kitupu kikawa miongoni mwa vifaa vinavyopendwa sana na wasioona. Sidai kwamba makubaliano yale peke yake ndiyo yaliyoleta VoiceOver, kwani tayari ilikuwa kwenye kompyuta za Apple tangu 2005, na wahandisi walioipeleka kwenye kioo wanastahili heshima yao. Ninachosema ni kwamba kazi nzuri ya wahandisi hupata bajeti na tarehe ya mwisho upesi zaidi pale ambapo nje ya ofisi kuna mtu anayedai.

Neema inapositishwa

Msomaji anaweza kuuliza: kwa kuwa leo simu nyingi zinakuja na programu ya kusoma skrini, Android ikiwa nayo tangu mwaka 2009, je, vita havijakwisha? Mfano mmoja unatosha kuonyesha udhaifu wa kilichotolewa kwa hiari. Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, kikosi kilichoshughulikia ufikivu kilikuwa miongoni mwa walioachishwa kazi. Mwenye mali mpya aliamua, na kazi ya miaka ikapoteza watu wake kwa siku chache.

Kuna pia neema ya aina nyingine, ile ya wasioona wenyewe. Programu mashuhuri ya kusoma skrini ya kompyuta, JAWS, kwa miaka mingi iliuzwa kwa bei iliyokaribia dola 1,000 za Marekani, mara nyingine zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianza kutengeneza NVDA, inayotolewa bure, na leo inatumika duniani kote, Afrika ikiwamo. Hata sauti ya Kiswahili katika eSpeak, mtambo wa sauti unaotumiwa na programu hiyo, ilitokana na watu wa kujitolea. Tunawashukuru. Lakini tujiulize ni kwa mantiki gani kampuni zenye utajiri unaozidi wa nchi nyingi ziliwaachia watu wa kujitolea kazi ya kuwafungulia wateja wao mlango.

Sheria tunazo

Kwetu, madai ya wasioona hayakuanza jana. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950 na kanisa la Anglikana, na Chama cha Wasioona Tanzania kikaundwa mwaka 1964. Shule ilizaliwa kwa moyo wa huruma, na huruma hiyo iliwalea watu ambao baadaye waliunda chama na kuanza kusema kwa lugha ya haki. Ndivyo historia njema inavyopaswa kwenda.

Lugha hiyo sasa imeandikwa kwenye sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe kwamba hata taasisi binafsi zinazotoa huduma kwa umma zinazingatia ufikivu, na kwamba teknolojia za habari zinaandaliwa hivyo tangu hatua za mwanzo, wakati gharama ni ndogo. Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2020 tukajiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaolegeza masharti ya hakimiliki ili vitabu viweze kutengenezwa kwa njia zinazosomeka na wasioona. Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano ya mwaka 2003 nayo inaitaka TCRA iendeleze upatikanaji wa huduma kwa watumiaji wote, wakiwamo wenye kipato kidogo, wa vijijini na walio katika hali duni.

Tunao pia mfano wa kutosha kwamba serikali inaweza kuiambia kampuni ifike mahali pasipo na faida. Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya mwaka 2006 ilijengwa juu ya hoja kwamba soko likiachwa lenyewe halitajenga mnara katika kijiji chenye watu wachache na barabara mbovu. Kampuni zinachangia mfuko, na mfuko unasaidia kujenga minara. Hakuna anayeuita mnara huo sadaka. Ikiwa tulikubaliana kwamba umbali wa kijiji si sababu ya kumnyima mtu mawasiliano, kwa hoja ipi tutasema kwamba kutokuona ni sababu?

Jirani zetu wametangulia hatua kadhaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kutumia nukta nundu na kupata vifaa vya kukabiliana na vikwazo vyake. Mwaka 2021, katika shauri la Wilson Macharia dhidi ya Safaricom, Mahakama Kuu ya Nairobi iliona kwamba mwanasheria huyo asiyeona, aliyeomba kazi katika kampuni hiyo kubwa kuliko zote za simu nchini humo, alibaguliwa. Kiini cha mgogoro kilikuwa mifumo ya kompyuta ambayo asiyeona asingeweza kuitumia. Mwaka uliofuata Kenya ikatoa kiwango cha taifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari, KS 2952:2022. Kiwango ni kitu kikavu, lakini kina faida moja kubwa: kinamwondolea mtengenezaji kisingizio cha kutojua alichotakiwa kufanya.

Hoja tatu za kupinga

Hoja ya kwanza husema kwamba kampuni hizi zipo mbali na soko letu ni dogo, kwa hiyo hatuna cha kuzitishia. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mengi ya kudai hayahitaji safari ya California. Simu ya bei nafuu inayouzwa Kyela mjini tayari inaweza kuwa na programu ya kusoma skrini. Kinachomkwamisha asiyeona mara nyingi ni programu iliyowekwa juu yake: ya benki, ya mtandao wa simu, ya shirika la umma, iliyoandikwa Dar es Salaam au Nairobi na vijana tuliowafundisha sisi vyuoni. Mhadhiri wa kompyuta asiyefundisha ufikivu ni sehemu ya kisa hiki, na naandika hili nikiihesabu pia jumuiya yangu ya wanataaluma.

Hoja ya pili husema kwamba sheria za wakubwa zitatusaidia hata tukinyamaza. Tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inatumika kwa simu, kompyuta, huduma za benki, vitabu vya kielektroniki na biashara ya mtandaoni. Bidhaa iliyorekebishwa kwa ajili ya Berlin itafika pia Mbeya. Lakini hakuna sheria ya Ulaya itakayoidai sauti nzuri ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma ujumbe wa Kiswahili hutamka maneno kwa namna ambayo mzee wetu hatambui hata jina lake. Hilo litadaiwa na wenye lugha au halitadaiwa kabisa.

Hoja ya tatu ni ya gharama: nchi yenye upungufu wa madarasa itawezaje kujishughulisha na vitufe vya simu? Hapa ndipo kesi ya Sydney inatufaa. Gharama kubwa ni ya kubomoa na kujenga upya. Kitufe kinachopewa jina siku ya kwanza hakiongezi bajeti. Tuhesabu pia gharama ya upande wa pili. Mwajiri aliyetii sheria ya asilimia 3, kisha akampa mtumishi asiyeona mfumo usiosomeka, analipa mshahara na kumnyima mtu huyo kazi kwa wakati mmoja. Kisha husemwa kwamba wasioona hawawezi kazi.

Tufanye nini?

Kwa mtumishi wa umma, nyenzo ya Massachusetts ipo mezani pako. Ununuzi wa umma sasa unapita katika mfumo wa NeST, na kila mfumo unaonunuliwa huwa na vigezo vya kiufundi. Ongeza kigezo kimoja: mzabuni aonyeshe, mbele ya mtumiaji asiyeona, kwamba kila hatua ya mfumo inakamilika kwa programu ya kusoma skrini. Asipoweza, asipokelewe kazi wala asilipwe. Kigezo hicho hakihitaji sheria mpya.

Kwa wanaharakati, tusiishie kwenye hafla za Siku ya Fimbo Nyeupe kila tarehe 15 Oktoba, ambapo kampuni hukabidhi fimbo, kupigwa picha na kuondoka. Zipokelewe fimbo, kisha siku hiyohiyo iulizwe kampuni: huduma zako zilipimwa lini na wasioona, nini kilishindikana, na kitarekebishwa lini? Majibu yawekwe hadharani na yarejewe mwaka unaofuata. Malalamiko yaandikwe na kupelekwa TCRA, kwa sababu lalamiko lisiloandikwa halimlazimu mtu yeyote kujibu.

Kwa wanafunzi wangu wa fani zote, washeni programu ya kusoma skrini kwenye simu zenu, fumbeni macho, kisha jaribuni kununua umeme au kutuma shilingi 1,000. Andikeni mahali mlipokwama. Msidhani kwamba dakika kumi za kufumba macho zimewafundisha maisha ya asiyeona. Mwiteni mwenzenu asiyeona afanye jaribio hilohilo, mlipeni kwa muda wake kama mtaalamu mwingine yeyote, na maelezo yake ndiyo yawe msingi wa madai yenu.

Namrudia mzee wa barazani. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Kampuni iliyounda huduma ilimsahau, serikali iliyoipa leseni haikumuuliza, sisi wasomi hatukumtaja, na mjukuu anamsaidia kwa upendo. Mfumo mzima unaendeshwa kwa neema, na mwisho wa siku yeye peke yake ndiye asiyejua kwa hakika salio lake ni kiasi gani. Kijiji chake kiendelee kuitwa Ipyana. Dawa ya usubi ikifika ipokelewe kwa shukrani. Lakini namba yake ya siri iwe siri, kwa sheria inayoweza kumsimamisha mwenye kampuni ajibu.